Kundi la mwendo wa pole ndilo lipewe kiongozi hodari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu namna misafara ya baiskeli ya mwisho wa wiki inavyopangwa hapa Mombasa. Asubuhi za Jumamosi na Jumapili, kabla jua halijawa kali, utawaona waendesha baiskeli wakivuka Daraja la Nyali kuelekea Bamburi, Shanzu na Mtwapa, na wengine wakipita Makupa kwenda Changamwe na kuendelea kupanda hadi Mazeras. Ni jambo jema kwa afya, kwa urafiki na kwa mji wenyewe, nami ningependa kuona wakazi wengi zaidi, wake kwa waume, vijana kwa wazee, wakijiunga nalo. Rai yangu ni kwamba kila msafara ugawanywe kwa mwendo, mwendo huo utangazwe kwa tarakimu kabla ya siku yenyewe, na kundi la mwendo wa pole likabidhiwe kwa kiongozi mwenye uzoefu kuliko wote, badala ya kuachiwa yeyote aliyebaki.

Mara nyingi hali huwa hivi. Tangazo husambazwa kwenye simu likisema kwamba msafara ni wa watu wote. Anayelisoma, awe karani, mwalimu, mama wa nyumbani au kijana aliyenunua baiskeli ya mtumba majuzi, huliamini, akaamka alfajiri na kufika pale watu wanapokutana. Kufika Daraja la Nyali wote huwa pamoja, lakini wakipita Bombolulu msafara umeanza kurefuka, na kabla ya Shanzu wale wa mwisho hawawaoni tena wale wa mbele. Aliyeachwa hujikuta peke yake kwenye barabara kuu ya Malindi, matatu zikimkatia mbele kuteremsha abiria na lori zikimpita kwa kishindo, hajui kama wenzake watamsubiri Mtwapa au wameshageuka kwa njia nyingine. Mtu huyo halalamiki kwa yeyote. Hurudi nyumbani kimya, na Jumapili inayofuata haonekani. Waandaaji nao, wakiona sura ni zilezile mwezi baada ya mwezi, hudhani kwamba watu wa Mombasa hawana hamu ya baiskeli, ilhali hamu ipo na imevunjwa barabarani.

Sisemi kwamba wenye kasi ni watu wa roho mbaya. Wengi wao hawatambui tu jinsi tofauti ndogo ya mwendo inavyokuwa mzigo mkubwa kwa mwili wa mtu mwingine. Watu hudhani kwamba anayekwenda kilomita 30 kwa saa anafanya kazi mara moja na nusu ya anayekwenda kilomita 20. Sivyo ilivyo. Kwenye barabara tambarare, sehemu kubwa ya nguvu ya mwendesha baiskeli anapoongeza kasi hutumika kuipasua hewa iliyo mbele yake, na nguvu hiyo huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Maana yake ni kwamba kutoka kilomita 20 hadi 30 kwa saa, kazi ya kupambana na hewa pekee huzidi mara tatu. Aliye karibu nyuma ya mwenzake hupunguziwa kazi hiyo kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana watu huendesha kwa kufuatana. Hata hivyo, akiachwa mita chache tu nyuma ya gurudumu lililomtangulia, hewa tulivu aliyokuwa akiifuata humpotea, naye hulazimika kubeba kazi yote peke yake wakati ambapo tayari amechoka. Pengo la mita kumi halizibiki tena, na baada ya dakika chache huwa ni pengo la kilomita nzima. Hakuna ari wala moyo unaoweza kulishinda hilo, na kumwambia mgeni ajikaze ni kumtesa bure.

Hapa kwetu pwani kuna jambo la pili la kuzingatia, nalo ni pepo za msimu. Wakati wa kusi, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, upepo hutoka upande wa kusini na kusini-mashariki. Anayetoka kisiwani kwenda Mtwapa na Vipingo huelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo upepo humsukuma, naye hujiona ana nguvu kuliko alizo nazo. Kazi humngoja wakati wa kurudi, kwa kuwa upepo huo sasa unamkabili, jua limepanda na maji aliyobeba yamekwisha. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mambo hugeuka, taabu ikawa mwanzoni na nafuu ikawa mwishoni, ingawa joto la Februari na Machi ni kali na linadai hadhari ya aina yake. Nahodha wa jahazi hang'oi nanga kabla ya kuutazama upepo, na kiongozi wa msafara wa baiskeli naye anapaswa kuutazama kabla ya kutangaza mahali pa kugeukia. Katika miezi ya kusi, kundi la wageni ligeuke mapema hata kama kila mmoja anasema bado ana nguvu za kufika Mtwapa, kwa sababu nguvu hizo ndizo zitakazohitajika kumrudisha nyumbani.

Nikija kwenye mgawanyo wenyewe, naona makundi matatu yanatosha kwa mji wa ukubwa wetu. La kwanza liwe la wale wanaokwenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa, mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake bila kuhema. Safari yao iwe ya kilomita 15 au chini ya hapo, na sharti lake kuu liwe kwamba haachwi mtu. La pili liwe la kilomita 18 hadi 22 kwa saa, ambalo linaweza kwenda Mtwapa na kurudi, safari ya karibu kilomita 40, na kusubiriana kwenye vituo vilivyokubaliwa. La tatu liwe la kilomita 27 na zaidi, la watu wanaojua kuendesha kwa kufuatana kwa karibu, wanaojua kubadilishana zamu ya mbele, na wanaokubali kwamba anayeshindwa na mwendo atajitegemea. Kundi hili linaweza kwenda Vipingo na kurudi, au kukwea Mazeras kama liko tayari kukabiliana na malori ya barabara ya Nairobi, njia ambayo kwa maoni yangu haifai kabisa kwa mtu asiyezoea.

Nasisitiza tarakimu kwa sababu majina hupotosha. Ukiandika kwamba kundi ni la wenye uzoefu, kila mtu hujipima kwa moyo wake: aliyeendesha utotoni kule Likoni hujiona mzoefu, na mama anayekwenda sokoni kwa baiskeli kila siku hujiona si mzoefu, ilhali pengine yeye ndiye mwenye miguu imara zaidi. Ukiandika kilomita 20 kwa saa, mtu anaweza kujipima mwenyewe kwa saa ya mkononi, akatoka Buxton hadi mahali anapopajua umbali wake, akapata jibu lisilo na hisia. Waandaaji waseme pia kama tarakimu hiyo ni wastani wa safari nzima au ni mwendo wa barabara tambarare, kwa sababu hivi viwili havifanani. Msafara uliokuwa na wastani wa kilomita 22, ukiondoa mizunguko, matuta, foleni na sehemu za kupunguza mwendo, huenda ulikwenda kilomita 27 au zaidi kwa muda mrefu, na mgeni aliyejiandaa kwa 22 huachwa hapo akidhani amedanganywa.

Wapo watakaosema kwamba kugawanya watu ni kuvunja umoja, na kwamba raha ya msafara ni kuwa wengi pamoja. Hoja hii naiheshimu kwa kuwa imetoka kwenye nia njema. Hata hivyo, umoja wa kuanza pamoja na kutawanyika njiani si umoja. Wanaweza wote kukutana Mama Ngina saa kumi na mbili na nusu asubuhi, makundi yakaondoka yakipishana kwa dakika chache, kila moja kwa njia yake, na urefu wa njia ukapangwa ili wote wawe wamerejea mahali pale pale kufikia karibu saa tatu. Walio kwenye kundi la kwanza wapitie Kizingo na Fort Jesus, waingie Ndia Kuu wakishuka kwenye baiskeli pale vichochoro vya Mji wa Kale vinapokuwa vyembamba, kisha watokee Makadara, waende Tudor na kurudi. La pili liende Mtwapa na la tatu Vipingo. Wakirudi, wale wa kilomita 70 na wale wa kilomita 15 watakaa pamoja wanywe madafu au wale mahamri kwa mbaazi, wapeane habari za njia, na hapo ndipo mgeni atakapoyasikia yale yatakayomfundisha kuliko maandishi yoyote.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ndilo kiini cha barua hii, yaani kiongozi. Ilivyo desturi pale msafara unapogawanywa, mwenye kasi kuliko wote huongoza kundi la kasi, na kundi la pole hupewa mtu ambaye naye ni mgeni, kwa hoja kwamba mwendo wake ni mdogo na kazi yake ni nyepesi. Mimi naona kinyume. Walio kwenye kundi la kasi wanajua kubadilisha tyubu, wanajua kusoma barabara, wanajua ishara, na mmoja wao akipotea atajirudisha. Walio kwenye kundi la pole ndio wasiojua kushika breki kwenye mteremko wenye mchanga, ndio wanaoyumba wanapotazama nyuma, ndio wanaoogopa mzunguko wa barabara, na ndio ambao mmoja wao akianguka wengine hawatajua la kufanya. Wanamhitaji mtu aliyeiva, mwenye subira, anayeweza kwenda polepole bila kuona haya, na anayegeuka kuwatazama mara kwa mara. Nyuma yao awepo mtu wa pili aliyeiva vilevile, mfunga msafara, ambaye hamtangulii mtu yeyote tangu mwanzo hadi mwisho, na ambaye simu yake imeunganishwa na ya kiongozi wa mbele. Kundi lisizidi watu kumi au kumi na wawili. Wakizidi, ligawanywe mara mbili, kila moja na viongozi wake wawili, kwa maana watu arobaini hawawezi kuvuka mzunguko mmoja kwa pamoja na hakuna dereva atakayewangoja wote.

Tunao mfano hapa hapa Kenya wa yale yanayoweza kutokea mtu hodari anapowapa wanaoanza muda wake. David Kinjah, aliyeiwakilisha Kenya katika mashindano ya kimataifa, alianzisha Safari Simbaz kule Kikuyu na kuwafundisha vijana wa kijiji kuendesha na kutengeneza baiskeli. Miongoni mwa waliojifunza kwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuja kushinda Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017 akiwa katika timu ya Sky ya Uingereza. Simtaji Kinjah kwa kuwa natarajia kila anayejiunga na msafara wa Jumapili awe bingwa. Namtaja kwa sababu kazi ya kumsubiri asiyejua imefanywa na mtu ambaye angeweza kabisa kujiendea na wenye kasi wenzake, na hakuna mwendesha baiskeli wa Mombasa aliye mkubwa kiasi cha kuona kazi hiyo iko chini yake.

Na viongozi hao hatuhitaji kuwatafuta mbali. Kila alfajiri, kutoka Mtopanga, Bamburi na Kisauni, wanaume hushuka kwa baiskeli nzito zenye keria, zile ambazo Wakenya huziita black mamba, wakienda kulinda majumba ya Nyali, kujenga, kuuza mikate, samaki au madafu. Wengine hubeba uzito unaokaribia wa mtu mzima, hupita katikati ya tuktuk na mikokoteni bila kugusa chochote, na wanajua kila shimo la barabara na kila mahali matatu hupenda kusimama ghafla. Hawa hawaalikwi kwenye misafara kwa sababu hawana mavazi ya kubana wala baiskeli ya gia nyingi, na wenyewe hawajioni kuwa wamo katika jamii ya waendesha baiskeli. Kwangu mimi wao ndio walimu tulio nao. Jumapili wasiyokuwa kazini, waombwe waongoze kundi la kwanza, walipwe posho ya haki kutokana na mchango wa washiriki, na waheshimiwe kama mtu anavyomheshimu fundi wake. Ningefurahi sana kumwona mzee aliyeuza mikate kwa baiskeli miaka mingi akiwa mbele ya karani na mwanafunzi wa chuo, akiwaonyesha namna ya kupita Kongowea salama.

Kuhusu adabu ya barabarani, yafaa kila kundi litenge dakika kumi kabla ya kuondoka kwa ajili ya mafunzo mafupi, hata kama wengi wameyasikia. Sauti ziwe chache na za Kiswahili chetu: shimo, tuta, gari nyuma, napunguza, nasimama. Aliye mbele apaze sauti, na kila aliye nyuma airudie hadi imfikie wa mwisho. Mkono uonyeshe upande shimo lilipo. Asiwepo mtu anayeliweka gurudumu lake la mbele sambamba na gurudumu la nyuma la mwenzake, kwa kuwa magurudumu hayo yakigusana, aliye mbele huendelea na aliye nyuma ndiye huanguka, na katika kundi huwaangusha wengine pamoja naye. Wageni waachiane nafasi ya urefu wa baiskeli moja au mbili hata kama watakosa nafuu ya upepo, maana kwa mwendo wa kilomita 15 nafuu hiyo ni ndogo na hatari ni kubwa kuliko faida. Barabara ikiwa nyembamba au ina magari mengi, wote wawe mstari mmoja, upande wa kushoto, lakini wasijibanze ukingoni kabisa kwenye mchanga na vipande vya chupa. Na kundi likisimama, liondoke barabarani lote. Nimeona mara nyingi watu wakisimama kuzungumza huku nusu ya baiskeli ikiwa kwenye njia ya magari.

Suala la wanawake linataka kuzungumzwa waziwazi na kwa heshima. Wako mama na dada zetu wengi Mji wa Kale, Majengo, Tudor na Likoni ambao wangependa kuendesha, na wengine hawakupata kufundishwa utotoni kwa sababu baiskeli ya nyumbani ilikuwa ya kaka. Mtu mzima anaweza kujifunza, na hujifunza haraka akipewa uwanja badala ya barabara. Uwanja wa Tononoka asubuhi mapema unafaa, na njia rahisi ni kuondoa pedali, kushusha kiti hadi miguu yote miwili ikanyage chini, na kumwacha ajisukume mpaka mizani imkae mwilini, ndipo pedali zirudishwe. Kuhusu mavazi, anayevaa buibui hahitaji kuliacha ndipo akubaliwe. Anahitaji baiskeli yenye kifuniko cha mnyororo na fremu iliyoshuka katikati, suruali pana ndani yake, na pindo lililofungwa lisifike kwenye spoki. Kundi la wanawake liongozwe na mwanamke pale anapopatikana, njia iwe ya mahali penye watu, na saa ya kurudi ijulikane ili mzazi au mume asibaki na wasiwasi. Hayo si masharti ya kumbana mtu. Ni mambo ambayo yakipangwa mapema humfungulia mlango yule ambaye vinginevyo asingekuja.

Saa za safari zizingatie ibada na hali ya hewa ya mji huu. Swala ya alfajiri ikishamalizika na nuru ikionekana, ndio wakati mwafaka wa kuondoka. Wanaokwenda kanisani Jumapili wapate msafara wa Jumamosi, au warudishwe mapema. Katika mwezi wa Ramadhani, msafara wa asubuhi kwa mtu aliyefunga na ambaye hatakunywa maji mpaka magharibi haufai. Bora pawe na mzunguko mfupi wa kundi la kwanza baada ya tarawehe, wenye taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma kwa kila baiskeli, na wote wabaki ndani ya kisiwa. Katika mvua za masika, dimbwi lisipitwe juu yake, kwa kuwa hakuna ajuaye kina cha shimo lililofichwa na maji.

Kuhusu baiskeli yenyewe sina mengi. Baiskeli yoyote yenye breki mbili zinazoshika, matairi yasiyo na nyufa na mnyororo uliotiwa mafuta inatosha kwa kundi la kwanza, na gharama ya kuipitisha kwa fundi wa mtaani ni ndogo kuliko gharama ya kuanguka. Kila mmoja abebe tyubu inayolingana na rimu yake, kwani tyubu ya inchi 26 ya jirani haitakufaa ukiwa na gurudumu la inchi 28, pamoja na maji yasiyopungua lita moja na kofia ngumu iliyofungwa kidevuni.

Kwa msomaji anayetaka kujiunga lakini anasita, nasema aanze na kundi la kwanza hata kama anaamini anaweza la pili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na saa moja na robo ya kuendesha polepole Jumamosi na nyingine Jumapili hukamilisha kiasi hicho bila yeye kuumia goti wala kuzimia. Amwambie kiongozi ukweli kuhusu presha, sukari, pumu au ujauzito, tena kabla ya kuondoka na si katikati ya njia. Akiona kwamba kwa majuma kadhaa anamaliza safari akiwa bado na nguvu, anazijua sauti na ishara, na anaweza kutazama nyuma bila kuyumba, ajaribu kundi la pili. Hilo la kutazama nyuma bila kuyumba ni muhimu kuliko kasi. Akiona limemzidi, arudi, na asiwepo wa kumcheka. Na wale wa kundi la tatu, ambao ninajua wengi wao husoma gazeti hili, nawaomba kila mmoja atoe Jumapili moja kwa mwezi awe kiongozi au mfunga msafara wa kundi la kwanza.

Serikali ya Kaunti nayo ina nafasi yake. Jiji la Bogotá kule Kolombia limekuwa likifunga barabara zake kwa magari kila Jumapili asubuhi tangu mwaka 1974, na sasa zaidi ya kilomita 100 za barabara huachiwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Kigali, mji wa jirani zetu ulioandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza ya aina yake kufanyika Afrika, una Jumapili zake zisizo na magari katika baadhi ya barabara. Mombasa haihitaji kuanza na kilomita 100. Kufunga barabara ya Mama Ngina na ya Kizingo hadi Fort Jesus kwa saa tatu, Jumapili moja ya kila mwezi, kutawapa wanaoanza mahali pa kujifunza pasipo honi wala moshi, na hakutasimamisha shughuli za bandari wala za kivuko. Umoja wa Mataifa umeitenga Juni 3 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani tangu mwaka 2018, na siku hiyo ingefaa kuwa ya kwanza kwa jaribio hilo.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwako mwenyewe. Gazeti lako hutenga nafasi ya matangazo ya michezo kila Ijumaa. Naomba sehemu ndogo ya nafasi hiyo itumike kuchapisha misafara ya baiskeli ya Mombasa na Pwani nzima, na kila tangazo litaje mahali pa kukutania, saa ya kuondoka na ya kurudi, umbali, mwendo wa kila kundi kwa kilomita, kama watu husubiriwa au la, na ni nani anayeongoza kundi la pole. Tangazo lisilokuwa na habari hizo lirudishwe kwa waandaaji walikamilishe kabla halijachapishwa.

Mwendesha baiskeli,
Tudor, Mombasa.